Mbavu za Mama na Sifa za Uvumilivu

Mama aliteleza kwenye ngazi za jikoni, pale kwetu Mlandege, Iringa, akavunjika mbavu tatu. Hospitalini walimlaza, wakampa vidonge vya maumivu, wakasema mbavu hujiunga zenyewe. Mama akanyamaza. Basi kila mtu akamsifu.

Kina mama wa jumuiya walikuja na uji kwenye chupa, wakamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mama! Huyu ndo Mhehe kwelikweli, hata kuguna haguni!" Nesi naye akadakia: "Huyu bibi hasumbui kabisa." Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Nani alimwambia kwamba mgonjwa asiyesumbua ndiye anayepona? Mimi niliyekaa kando ya kitanda nilikuwa namwona akivuta pumzi kidogokidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kukohoa hakuthubutu, maana kila kikohozi kilikuwa kisu. Makohozi yakajaa kifuani, homa ikapanda. Nikaenda kudai dawa yenye nguvu zaidi. "Atazoea," nikajibiwa. Azoee nini, kutopumua?

Kaka yangu hakungoja. Aliomba rufaa, tukampeleka Mama Mbeya akiwa kwenye oksijeni. Huko daktari wa usingizi hakumlaza usingizi. Alimkalisha, akatazama mgongo wake kwa kile kipimo wanachowapimia wajawazito, kisha akamchoma sindano ya ganzi kando ya uti wa mgongo, upande wa mbavu zilizovunjika.

"Hii haiungi mbavu," alituambia. "Inampa nafasi ya kupumua. Asipokohoa, nimonia itammaliza."

Mama akavuta pumzi ndefu, akashangaa, akavuta nyingine. Kisha akakohoa, akatema, akakohoa tena. Tangu hapo homa ikaanza kushuka. Nilifurahi, nisiseme uongo, lakini hasira nayo haikuniacha. Kumbe ni ganzi tu! Ndugu wa ile ile wanayonichoma Iringa nikienda kung'oa jino. Jino linapewa ganzi, mbavu za mama yangu zinapewa sifa.

Aliporudi nyumbani, kina mama wale wale wakaja kumpa pole.

"Mama, wewe jasiri bwana. Hukulia hata kidogo!"

Mama akaweka kikombe chake chini.

"Nilikuwa nakufa," akasema, "na nyie mlikuwa mnanipigia vigelegele."