Majivu Mlangoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto kule Mugeta, mishipa ya mikono haikuwa siri ya mwenye mikono. Ikitokeza, watu waliisoma. Ya mzee haikuwa na neno, maana ngozi yake imekwisha kuchakaa. Lakini mtu mwenye nguvu zake, mishipa ikimpanda ndani ya msimu mmoja, alipewa sababu moja tu: kuna mchawi anamchukua usiku, akiwa usingizini, akamlimie shamba.

Mwaka ule maduka ya Bunda yalikuwa na rafu tupu, na unga wa njano wa msaada ulikuja ulipotaka. Baba alikuwa kambi ya wavuvi, kisiwani Rukuba. Nyavu hazikupatikana, wala habari za baba. Nyumbani tulibaki bibi mzaa baba, mama, mdogo wangu na mimi, msichana wa miaka tisa. Mama akisonga ugali niliiona mishipa ikitoka kwenye vifundo vya mikono hadi kwenye viwiko. Zamani haikuwepo.

"Mama yako analimishwaga," bibi aliniambia.

"Na nani?"

Akaelekeza kidevu ng'ambo ya kijia, kwa Mama Nyangi. "Mjane, mikono miwili. Shamba lote lile limepaliliwa. Nani anampaliliaga?"

Swali lilikuwa zuri. Hata leo ningeliuliza.

Bibi alikuwa na njia yake ya kupata jibu. Jioni alitandaza majivu nje ya mlango wa nyumba ya mama. Anayechukuliwa na wachawi hupitishwa hewani, alisema, na majivu hubaki yalivyo. Anayetoka kwa miguu yake huacha nyayo.

Sisi watoto tulilala kwa bibi. Asubuhi niliamka wa kwanza, kwa kuwa kufagia ilikuwa kazi yangu. Nyayo zilikuwepo. Zilikuwa za mama: kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda. Zilitoka, hazikurudi. Nikachungulia ndani, kitanda kitupu.

Nilidhani ametukimbia, amerudi kwao Butiama. Wanawake wawili kijijini walikuwa wamefanya hivyo. Nikaona heri bibi asijue, pengine mama atarudi kabla hajaulizwa. Nikazifagia nyayo, nikachota majivu mengine jikoni, nikayatandaza.

Jua lilipotoka bibi akasimama mbele ya majivu yasiyo na alama. Wakati uleule mama akatokea kwenye kijia, miguu ina udongo hadi kwenye miundi.

"Umetoka wapi, mkamwana?"

"Kujisaidia, mama."

Bibi aliyatazama tena majivu. Alijifunga khanga vizuri akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Saa sita uwanja wetu ulijaa majirani. Bibi alieleza habari ya majivu. Balozi akamwambia Mama Nyangi kwamba, kwa ushahidi huo, itabidi ahame kabla ya mvua.

"Si unichukue mimi," kijana mmoja alimwambia. "Nina nguvu kuliko huyu."

"Wewe hata mchana hulimagi," alijibu Mama Nyangi.

Watu wakacheka. Balozi akamuuliza kama ana la kujitetea.

"Muulizeni mwenye mishipa."

Mama alitazama chini. Hapo nikaelewa kwamba mtu anafukuzwa kwa ufagio wangu.

"Nyayo zilikuwepo," nilisema. "Nilizifagia mimi."

Balozi aliniuliza mara tatu. Nilimweleza hadi kidole kilichopinda. Akamgeukia mama.

"Nalimaga kwake," mama alisema. "Alfajiri, hamjaamka. Ananipa mihogo."

"Mihogo ya kaka yako?" bibi aliuliza. Ndivyo tulivyokuwa tumeambiwa, kwamba mjomba ndiye anayetuma mihogo tunayokula.

"Kaka hajatuma kitu, mama. Nilimwomba huyu asiseme. Mke mwenye mume, kulimia chakula kwa mjane, ni aibu."

Mama Nyangi aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Nimekutunzia siri, na wewe ukanyamaza wakinifukuza. Jembe lako usilete tena kwangu."

Hakuhama. Mihogo nayo haikuja tena.

Bibi hakuomba radhi. Jioni ile alikaa mbele ya mama na bakuli la uji. "Kula nikuone," alisema, akamtazama hadi mwisho. Kabla ya hapo mama alikuwa akituambia kwamba ameshakula jikoni, na hakuna aliyekwenda kuangalia.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Musoma alinieleza kwa nini mishipa huonekana. Mtu akikonda, mafuta yanayoifunika chini ya ngozi hupungua. Kazi nzito huijaza damu, na misuli huisukuma juu. Joto huipanua. Umri huifanya ngozi kuwa nyembamba. Niliandika yote, nikayalinganisha na maneno ya bibi.

Hakukosea sana. Mama alikuwa analimishwa kweli, gizani, katika shamba lilelile. Alikosea kuhusu waliokuwa wakimlimisha. Tulikuwa watatu, yeye bibi akiwemo, na kila jioni tulimaliza sahani zetu.