Makofi ya Mwandishi wa Michezo

"Shoga, hivi mumeo alikuwa anampigia nani makofi?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani wa mlango wa pili, pini zikiwa bado mdomoni. Mke wa mwandishi alikuwa amesimama mbele yake akipimwa kiuno cha gauni. Jibu la swali hilo mji mzima ulikuwa unalitafuta.

Mumewe tangu ujana ameandikia gazeti la mji habari za klabu mbili za hapo za mpira wa kulipwa, Stesheni na Kiwandani. Wasomaji wa pande zote mbili huzipima kurasa zake kwa rula. Stesheni wakipata picha ya juu leo, Kiwandani lazima waipate kesho, hata kama siku hiyo hawakufanya lolote ila kufua jezi. Kuna wiki aliandika safu nzima jinsi jezi za Kiwandani zinavyofuliwa, na watu wakaisifu. Mazoea hayo aliyaleta hadi nyumbani. Akiwagawia watoto nyama, huikagua sahani hii na ile, kisha husogeza kipande kimoja taratibu, kama mwamuzi anayeweka mpira wa adhabu.

Basi Jumamosi moja Stesheni walifunga bao. Mpiga picha wa gazeti jingine akaigeuzia kamera safu ya waandishi, ambao kwa kawaida hawashangilii hata mbingu zikishuka. Kesho yake mji ukamwona mume wa watu viganja vimekutana, mdomo wazi. Mashabiki wa Kiwandani waliwarudishia wauzaji magazeti yake wakidai pesa zao, mengine yakiwa yameshafungiwa samaki.

"Nilikuwa naua mbu," alimwapia mkewe.

"Alikufa?"

"Nani?"

"Huyo mbu."

Akafikiri kidogo. "Alinikwepa."

Mkewe akamwamini. Mtu mwenye nia ya kudanganya, alijisemea, angesema amemuua.

Mhariri hakutaka habari za mbu. "Mzee, umewapigia Stesheni, sasa wapigie na Kiwandani. Wakifunga tu, wewe piga. Mpiga picha wetu atakuwa mbele yako. La sivyo nakuhamishia ukurasa wa matangazo ya vifo."

"Mkuu, mimi maisha yangu yote ni mpira."

"Kule utapumzika. Marehemu hawapimi kwa rula."

Kwa mkewe hilo halikuwa jambo dogo. Siku za mechi mume huyu huamka akipiga mluzi na kujipigia pasi shati mwenyewe. Siku nyingine huamka tu. Aliogopa kubaki na huyo wa siku nyingine.

Kilichotakiwa kilikuwa kidogo: Kiwandani wafunge. Na hicho ndicho walichokuwa wamekisahau. Kila mechi mwandishi alikaa na viganja hewani kama anayesubiri kupokea mtoto, mpiga picha akimlenga, na mpira ukaenda kila mahali isipokuwa wavuni. Wakagonga mwamba. Wakapaisha penalti. Mara moja mshambuliaji wao alifunga kwa mkono, na mwandishi akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Mwamuzi alikataa bao, mhariri akayakataa makofi.

Ndipo mkewe, asiyejua hata timu ina wachezaji wangapi, akaamua kulipeleka jambo kwa Mungu. Kwenye maombi ya akina mama, baada ya kutajwa wagonjwa na wasafiri, alinyoosha mkono akamtaja mshambuliaji wa Kiwandani.

"Masikini. Anaumwa nini, dada?" kiongozi wao akauliza kwa huruma.

"Hafungi."

Wakamwombea. Alipochungulia kidogo, Mungu amsamehe, aliona wenzake kadhaa wamebana midomo. Hao walikuwa wa Stesheni.

Bado hawakufunga. Kisha ikafika wiki ya timu hizo kukutana zenyewe kwa zenyewe, na mhariri akasema baada ya hapo hasubiri tena. Asubuhi ya mechi mke alimkuta mumewe ameketi ukingoni mwa kitanda, shati tayari limepigwa pasi, ila mluzi hakuna.

"Usihofu, baba watoto," akamwambia. "Leo nitapiga magoti mpaka yachubuke. Nitawaombea Kiwandani washinde."

Mwandishi akaruka kama aliyekalia sindano. "Washinde? Nani kakwambia washinde?"

"Si unataka wafunge?"

"Kufunga ni kufunga, kushinda ni kushinda!"

"Mimi hayo siyajui, mume wangu. Niambie niombe nini, nami nitaomba hivyo hivyo."

Mwandishi akaenda kuusukuma mlango ukafungika vizuri. Akarudi, akamshika mkono, akanong'ona:

"Omba Kiwandani wafunge moja. Moja tu, mama watoto, na liwe la mapema. Halafu Stesheni yetu wafunge mawili, na Mungu anisaidie niikalie mikono yangu."