Simu Isiyoamkia

Sumbawanga mjini wanunuzi wa ulezi tuko wengi, lakini aliyenitia kijiba cha roho ni mmoja tu, mwanamke mwenzangu mwenye duka la nafaka linalotazamana na langu. Yeye ndiye aliyeanza kutumia simu ya intaneti. Namba moja, ikipigwa inaita dukani, ghalani na kwenye mkoba wake, na wa kwanza kuisikia anapokea. Mimi nilikuwa na kisimu kimoja. Nikienda ghalani kupima mahindi, kinaita peke yake juu ya kaunta. Kila nilipomwona anapokea simu huku anatembea, roho iliniuma, sifichi.

Basi nikaita mawakala wa kampuni mbili, wakakaa juu ya magunia, kila mmoja akisifia yake. Mtu mwenye akili zake angeuliza mtandao ukisumbua inakuwaje, au umeme ukikatika. Mimi niliuliza moja tu: "Yule wa ng'ambo ya barabara anatumia ya nani?"

"Ya kwangu," akasema wa kwanza, anatabasamu.

Nikamgeukia wa pili. "Ya kwako ina nini ambacho yake haina?"

Ilikuwa na sauti. Mteja akipiga, kabla hajaunganishwa, binti mwenye sauti ya redioni anamkaribisha: kwa mahindi bonyeza moja, kwa ulezi bonyeza mbili. Nikaichukua hapohapo. Siku ya kwanza nilijipigia mwenyewe nimesimama mlangoni, nimeweka spika, ili jirani asikie. Akasikia. Akanipungia mkono, jambo lililoniudhi zaidi.

Kuna bibi mmoja wa Mwazye ambaye ulezi wake ndio uliolijengea duka langu jina. Wapika pombe wanaufuata kutoka mitaa ya mbali. Kila msimu, akishapura, hunipigia nimtafutie gari. Msimu huo nikangoja, nikangoja. Ikafika siku gari likapita mbele yangu, likasimama ng'ambo, na bibi akateremka ameshikwa mkono na yule mwanamke.

Nilivuka barabara bila kuangalia magari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe kuamkia unajua."

"Bibi, mbona hukunipigia?"

"Nimepiga sana. Nangoja shikamoo, wapi! Nikasema labda mtoto ana haya, nikamsalimia mwenyewe, nikaulizia wa nyumbani, nikaulizia mvua. Yeye mahindi, mahindi. Mwisho ananiambia nimekosea. Nimekosea nini, kusalimia?"

"Yule si mtu, bibi. Ni mashine."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Yule mwanamke akanikaribisha chai, kwa upole kabisa. Afadhali angenicheka.

Ile sauti nimeiondoa. Simu sasa inaita kwangu moja kwa moja, na nikipokea naanza na shikamoo hata kabla sijajua ni nani. Wasichana wadogo wananicheka. Bibi hajapiga. Ila simu ya ng'ambo ikiita, naacha kupima, natega sikio. Juzi nilimsikia yule mwanamke akiuliza taratibu, "Na mguu, bibi, umeamkaje leo?"

Miaka yote ile ananiletea ulezi, sikujua kama bibi anaumwa mguu.