Nilifukia shimo la Agumba kabla binti yangu hajafika

Wakuu, salamu kutoka Mbeere, upande wa Siakago. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Shambani kwangu kulikuwa na shimo pana la mviringo, kama karai. Marehemu baba alituambia lilichimbwa na Agumba, wale watu wafupi waliokaa huku kabla yetu. Mimi niliishia form four, na hayo niliyaona hadithi za watoto.

Binti yangu Wanja anasomea mifupa ya kale chuoni. Aliposikia nataka kusawazisha hapo nipande muguka, ile miraa ya majani ya kutafuna, alipiga simu.

"Baba, tafadhali usiguse. Nakuja Jumamosi."

Nikamwambia sawa, mami.

Lakini mvua ilikuwa karibu na miche inaninyaukia. Alhamisi nikaita kibarua, Nyaga. Akiwa anabomoa ukingo, akainua kitu.

"Mzee, njoo usalimie jirani! Amebakisha meno tu!"

Lilikuwa taya. Dogo, la kutosha kiganjani. Nikaamua ni la mtoto. Kwetu mifupa ya mtu haishikwi ovyo, na niliogopa polisi wakiuliza mtoto ni wa nani.

Nikalibeba kwa koleo hadi choo cha shimo, nikalitupa humo. Tukafukia lile shimo la Agumba.

Jumamosi Wanja alisimama kwenye ule udongo mpya, begi bado mgongoni. Nikamweleza yote.

"Magego ya mwisho yalikuwa yameota? Meno yalikuwa yamesagika?"

Sikuangalia.

Ndipo akanieleza. Kuna kisiwa huko Indonesia walikochimbua mifupa ya ndugu wa binadamu waliotoweka. Watu wazima, kimo cha mtoto wa nasari. Meno ndiyo yaliyoonyesha kwamba hawakuwa watoto.

Ubongo wao ulikuwa kama theluthi ya wetu, na bado inaonekana walichonga zana za mawe. Huenda miili ilipungua kizazi hadi kizazi kwa uhaba wa chakula kisiwani. Kwa hivyo binadamu hakupanda ngazi moja kuja kwetu. Matawi yalikuwa mengi, mengine yakakauka.

"Sisemi Agumba walikuwa hao," akasema. "Pengine walikuwa watu kama sisi. Pengine kweli alikuwa mtoto. Lakini hatutajua tena, Baba. Na wewe uliniambia sawa."

Aliondoka mchana huohuo.

Muguka umeshika vizuri. Mimi siendi upande huo, mke wangu ndiye anachuma.

Somo nimelipata nimechelewa. Ukikuta mfupa, simamisha jembe, uite wanaojua. Na mtoto wako akikuomba siku mbili, mpe.

Wanja siku hizi anampigia mama yake tu. Meseji zangu hafungui.

Walio Ishiara, Kianjai au popote, kama mna shimo la aina hiyo ambalo halijaguswa, andikeni hapa chini, hata wa kunitukana mnakaribishwa. Nitamtumia Wanja mahali lilipo.

Labda hiyo ataifungua.