Mwambie Asimame

Sikuamini macho yangu nilipomkuta dada yangu ameketi sakafuni, katikati ya karakana yake ya kushona maturubai, akijishonea hema. Si la mteja. Lake. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake, akifunika malori ya watu na mizigo ya watu, hata vidole vimekuwa vigumu kama pembe, na sijawahi kumwona akijishonea hata mfuko.

"Tunakwenda pwani," alisema bila kuinua kichwa. "Kutembea. Tutalala nje."

"Nani na nani?"

"Mimi na huyo."

"Huyo" ni mume wake, dereva wa lori mstaafu, ambaye watu wanamwita Breki kwa sababu hajawahi kuwa na haraka ya jambo lolote. Nilipigwa na butwaa. Mtu ana nyumba, ana kitanda, ana bati juu ya kichwa, halafu anakwenda kulala chini kama mlinzi wa kiwanja? Vijana wa siku hizi wanafanya hivyo na kupigana picha, lakini hawa ni watu wenye wajukuu. Enzi zetu aliyelala porini alikuwa ameharibikiwa na gari.

Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba dada na shemeji hawakuwa wakizungumza. Sisemi walikuwa wakizozana; nasema hawakuzungumza kabisa, tangu mwaka ule shemeji alipoichukua cherehani kubwa ambayo mama yetu alimwachia dada, akampa dada yake yeye, bila kuuliza. Dada hakupiga kelele. Alinyamaza. Naye mume, badala ya kusema nimekosa, akanyamaza pia. Tangu hapo maneno yao yakawa yanapitia kwa watoto. "Mwambieni baba yenu chakula tayari." "Mwambieni mama yenu nimeshiba." Na wote wako meza moja! Zamani jambo kama hilo lisingelala. Wazee wangewakalisha, wangewasema mpaka jasho liwatoke, na watu wangeondoka pale wamepatana. Leo kila nyumba ina mlango wa chuma, na sisi wazee tumekuwa watu wa kusalimiwa kwa simu.

Kisha binti yao wa mwisho akaolewa, na nyumba ikabaki haina mdomo.

"Yeye ndiye aliyetaka safari," dada alisema. "Alimwambia binti, binti akanipigia. Eti barabara ile ya pwani ameipita maisha yake yote na mizigo, hajawahi kusimama akaitazama. Anataka nikaione." Akakata uzi kwa meno. "Kaka, nakwambia wewe tu. Nikirudi kutoka huko hajanisemesha kwa kinywa chake, siingii tena nyumba ile. Nahamia hapa karakana."

"Basi nendeni mkazungumze."

"Na wewe unakuja."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Sasa nani atakuwa anamwambia?"

Ndivyo nilivyojikuta kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, nimebanwa kati ya jiko la gesi na magodoro. Aliyesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime hakumfikiria mtu aliyefungiwa nao garini.

"Mwambie kona hiyo ni kali."

"Mwambie barabara hii naijua kama kiganja changu."

"Mwambie kiganja chake hakina malori yanayokuja mbele."

Na nje ya dirisha, jamani, bahari! Majabali meusi yameshuka mpaka majini, mawimbi yanapasukia chini na povu linaruka juu kama mtu amemwaga ndoo ya maziwa. Kila penye mandhari shemeji alipunguza mwendo, kimya, mpaka dada atazame. Akishatazama, anakanyaga mafuta. Nikasema moyoni, mtu huyu anaomba radhi kwa gia.

Tulilala kwenye nyasi, juu ya ghuba ndogo. Mimi nililazwa katikati, kama ukuta.

Asubuhi tukafuata njia ya miguu inayopanda ukingoni mwa majabali. Magoti yangu yalikataa mapema, nikaketi juu ya jiwe, wao wakaendelea, shemeji mbele na dada nyuma yake. Nikafurahi. Labda wakiwa wawili watasemezana.

Dada ndiye aliyeuona ufa. Macho yaliyozoea kutafuta tundu kwenye turubai hayakuukosa: ardhi ya ukingoni ilikuwa imeachia kama mshono uliolegea, na shemeji alikuwa akisogea huko huko ili ayaone mawimbi vizuri. Angenyoosha mkono angemshika shati. Angesema neno moja angemsimamisha. Badala yake aligeuka nyuma, akanitazama mimi kule chini, akapiga ukelele:

"Kaka, mwambie asimame! Mwambie asimame!"

Shemeji aliisikia sauti ile. Hakugeuka hata shingo. Maneno ya namna hiyo hayakuwa yake mpaka mtu amfikishie. Nilifungua kinywa, na kabla sijatoa neno ardhi ilikatika, na mtu hayupo.

Sijui magoti niliyapata wapi, lakini nilifika. Dada alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimening'inia ukingoni. Chini, juu ya kibao cha jabali kilichojitokeza, alilala shemeji, mkono umepinda kama tawi lililovunjika, na chini yake zaidi maji yanachemka.

"Kaka, muulize yuko hai!"

Na sauti ikapanda kutoka kule, nyembamba:

"Shemeji, mwambie niko hai."

Mungu wangu! Mtu yuko mlangoni mwa kaburi!

Dada akapiga ardhi kwa viganja, mara kwa mara, mchanga ukimrukia usoni. "Niambie mimi! Niko hapa! Mume wangu, niambie mimi!"

Wimbi likaja, likaondoka.

"Niko hai, mke wangu," alisema shemeji. "Naogopa."

"Usitikisike. Sikiliza mimi. Usitazame chini, nitazame mimi."

Watembeaji waliokuwa nyuma yetu walikimbilia kambini, wakaleta kamba za hema na hema lenyewe, na kwa turubai lile tukamvuta kama mzigo. Muda wote dada hakunyamaza, naye alimjibu kila neno.

Hospitalini walimfunga mkono plasta. Nilivuta kiti, nikakaa kati yao, kwa mazoea.

"Ile cherehani," alianza shemeji. "Nilikosa. Nikaona haya kusema, siku zikapita, haya ikazidi kunenepa."

"Ulikosa sana. Na utakwenda kuifuata mwenyewe, na plasta yako hiyo hiyo."

"Dada yangu atanila mzima."

"Akule! Mimi umenila miaka yote hiyo!" Kisha akanigeukia. "Kaka, hebu tupishe."

Mimi! Nikatoka, nikaketi kwenye benchi ukumbini. Sauti zao zilikuwa zikipanda, mmoja akimkata mwenzake, mpaka muuguzi akaja mbio na kuingia kuwatuliza. Hakukaa. Alitoka akirekebisha kofia yake, ametahayari.

"Wameniambia niwapishe," alisema.

Nikamsogezea nafasi kwenye benchi.