Shanga Elfu Tano na Arobaini

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, tukikunja shanga za karatasi chini ya kilima cha Mbuya. Kila wiki mnunuzi alitaka shanga elfu tano na arobaini, zisizidi wala zisipungue. Alitunga mikufu ya shanga sitini, sabini, themanini au tisini, apendavyo, na hakuna hata moja iliyobaki.

Rosalba, mkubwa wetu, alikuwa na sheria moja: kila mtu akunje sawa na mwenzake. Mdogo wake ndiye anayeishi na mume wangu sasa, kwa hiyo mimi na Rosalba tulisalimiana tu. Siku moja alipiga hesabu kwenye simu.

"Lakica, tukigawana kumi na mmoja, kila mtu mia nne hamsini na nane, zinabaki mbili. Nani atazikunja?"

"Nitazikunja mimi."

"Leo mbili, kesho utatutangazia kwamba unatulisha. Tukiwa kumi, kila mtu mia tano na nne, maneno yamekwisha. Wewe ndiye uliyekuja mwisho, nyabo." Akanitia shanga mbili mkononi. "Chukua baki yako."

Wenzangu walicheka.

Sikusoma. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniuliza ninafanya nini, basi nilihesabu punje za mahindi elfu tano na arobaini mkekani, siku mbili nzima. Nikazigawa mafungu mawili, matatu, manne, hadi kumi. Yalilingana kila mara. Saba nilidhani itakataa. Ikatoa mia saba na ishirini kila fungu. Kumi na moja peke yake ndiyo iliyoacha punje mbili. Nikajaribu kumi na mbili: mia nne na ishirini, haikubaki hata punje.

Kumbe nilihitaji mtu mmoja tu wa kuingia naye. Nani? Sina dada, na wanangu walimfuata baba yao. Nilibisha milango mingi kabla Vera, jirani aliyehamia juzi kutoka Busia, hajakubali. Wiki nzima nilimfundisha kukunja, tukala sufuria moja. Nilikuwa nimesahau jinsi nyumba inavyokuwa na sauti mbili.

Jumatatu tukaenda. Nikamweleza Rosalba kuhusu kumi na mbili. Hakubisha.

"Ungekuja jana, mama. Mwenzetu Moreen amehamia Bukoto. Tumebaki tisa, mia tano na sitini kila mtu, sawasawa. Nyinyi wawili mnaturudisha kumi na mmoja." Akavitazama vidole vya Vera. "Nachukua mmoja. Huyu."

"Mimi ndiye niliyemleta!"

"Asante kwa kumleta."

Vera aliinama. "Usinikasirikie, mama. Nina mtoto." Akaketi pale nilipokuwa nikiketi mimi.

Ningekwenda peke yangu, ningekuwa wa kumi.

Zile punje nimezichemsha zote. Leo ni siku ya nne ninazila, na sufuria haijaisha.