Jina Lililofifia Redioni

Je, ni anga iliyolifuta jina lile, au ni kidole cha baba? Nina shahada mbili za mawasiliano ya redio, na hata leo sijui.

Mwishoni mwa miaka ya sitini tuliishi kijijini Sikuda, ambako alasiri zilinuka muhogo ulioanikwa na vumbi lililoguswa na manyunyu, na Mwamba wa Tororo ulielea mbali katika ukungu wa joto. Betri za redio yetu tuliziweka juani mchana ili zirudishe nguvu. Jua likikaribia kutua, baba aliiweka redio juu ya kigoda, nami nikashika waya wa shaba ulioning'inia kutoka paani. Nikiushika, sauti ilijaa, nikiuachia, ilizama. Niliona kama watu wa mbali wanapita viganjani mwangu wakinong'ona. "Nabwire, usipumue, utameza habari!" jirani yetu Mzee Ouma alinitania kila tulipongoja matangazo ya vifo.

Jioni moja mama alikaa karibu kuliko siku zote. Baba yake alikuwa mgonjwa sana huko Masafu, naye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Iliyotangulia iliharibika akirudi kwa miguu kutoka hukohuko. Mtangazaji akasema amefariki mzee wa Masafu, mazishi kesho alasiri. Alipofikia jina, baba alizungusha kitufe cha stesheni, na sauti ikafifia ikawa mvumo kama wa nyuki. Iliporudi, lilikuwa tangazo jingine.

"Wamesema nani?" mama akauliza.

"Hewa imemeza, Mama Nabwire. Tungoje warudie kesho mchana."

"Kesho mchana si watakuwa wanachimba? Nakwenda asubuhi. Kama ni baba, nitamzika. Kama siye, nitamsalimu."

"Na huyo tumboni?"

"Naye ana babu."

"Mimi sikupeleki," baba akasema, akazima redio. Mzee Ouma, asiyekosa utani, aliaga tu, akaenda kwake.

Leo kazi yangu ni kupima jinsi mawimbi ya simu za mkononi yanavyopenya kati ya majengo. Najua kwamba jua likitua, wimbi linalotambaa ardhini huweza kukutana na lile linalorudi kutoka juu angani, yakafutana kwa sekunde chache. Hilo lingetosha kueleza yote. Lakini niliuona mkono wa baba, na waya sikuuachia. Siku hizi mtu wa Sikuda hupigiwa simu marehemu akiwa bado kitandani, na mtandao ukikatika hupiga tena. Sisi tuliamua mambo makubwa kwa sentensi isiyo na jina. Aliyefariki alikuwa babu kweli. Mama aliyawahi mazishi, na mdogo wangu akazaliwa salama. Baba sikumwuliza kamwe, kwa sababu niliogopa kwamba angenijibu.

Kulipokucha baada ya jioni ile, mama alitoka amejitanda kitenge, tayari kutembea. Baba alikuwa uani, ameshakunja blanketi na kulifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. "Panda," alisema. Mama akakaa upande. Baba mwenyewe hakupanda. Aliisukuma taratibu, akikwepa kila shimo, mpaka Masafu.